Sentensi Tatu za Faraja

Harrow Mills, Ohio
9 Septemba

Dada Pruitt,

Jina langu ni Lowell Amstutz, mwalimu mstaafu wa sayansi, na karatasi ya mwezi huu kutoka Udugu wa Mabega imenielekeza nikutumie hundi iliyomo humu kwa ajili ya kifundo cha mguu wako wa kushoto. Karatasi hiyohiyo inanitaka niongeze maneno ya faraja yasiyozidi sentensi tatu. Hii ni ya tatu na bado sijafika kwenye kifundo, kwa hiyo utaniwia radhi.

Kifundo ni mahali mifupa mitatu inapokutana. Nimekuchorea nyuma ya ukurasa, na mishale inaonyesha maji yanavyoteremka mguuni mtu akikaa ovyo. Maji hayapandi mlima. Kwa sababu hiyo uweke mto mmoja chini ya goti na miwili chini ya kisigino, mguu uwe juu kuliko moyo, na uvimbe utapungua wenyewe bila kukugharimu hata senti.

Karatasi haikueleza uliumiaje. Imeandika tu: "Kuanguka, mbwa." Nimejiuliza kama aliyeanguka ni mbwa.

Pengine nawe unajiuliza mimi niliingiaje katika Udugu. Shule yetu ilipounganishwa na ya wilaya ya jirani, nilistaafu nikiwa na miaka sitini na miwili. Bima niliyoonyeshwa ilinitaka nilipe kila mwezi kama anayelipa kodi ya nyumba, na hata hivyo, nikiugua, dola elfu nane za kwanza zitoke mfukoni mwangu. Nilimuuliza binti aliyekuwa akiniuzia, "Sasa nyinyi mnaanza kazi lini?" Akanijibu kwa upole, "Ukiugua sana, mzee." Basi nikaja huku, ambako wanachama tunatumiana hundi wenyewe kwa wenyewe kwa posta. Wakubwa wetu wameandika kwa herufi nene, ukurasa wa kwanza, kwamba Udugu si bima na haumwahidi mtu kitu. Angalau wao wamesema mapema.

Upone haraka.

Lowell Amstutz


Cutler Bend, Arkansas
20 Septemba

Ndugu Amstutz,

Hundi nimeipata, na muhadhara nimeupata.

Mpaka leo nimepokea kadi thelathini na moja. Thelathini zinasema Mungu ni mwema na tunakuombea. Moja ina mifupa na mishale. Hiyo nimeibandika kwenye friji, na mteja wangu mmoja ameniuliza kama najifunza uganga.

Mbwa hakuanguka. Mbwa alikaa. Mimi kazi yangu ni kuosha mbwa na kuwanyoa, tangu mume wangu Ray afariki, na siku hiyo nililetewa jike mmoja mwenye ukubwa wa ndama, jina lake Duchess. Nilipowasha mashine ya kukausha manyoya, akaona mahali salama pa kujificha ni juu yangu. Nikasikia kitu kinalia kama kuni kavu. Mwenyewe mwenye mbwa yuko mlangoni, anasema, "Ooh, amekupenda!"

Hospitali wameniweka skrubu saba. Udugu umenisaidia hospitali na daktari wa mifupa, namshukuru Mungu na nyinyi. Ila yule wa sindano ya usingizi, kumbe hahesabiwi na wenzake, ananidai kivyake. Ndugu yangu, mimi huyo mtu sikumwona akija wala sikumwona akiondoka, na leo ndiye ananiandikia kuliko dada yangu. Lakini silalamiki. Bima niliyokuwa nayo zamani ilinikinga na kila kitu isipokuwa ugonjwa.

Mto mmoja gotini na miwili kisiginoni nimeweka. Uvimbe umepungua. Usivimbe kichwa wewe sasa.

Una miaka mingapi? Unaandika kama una mia.

Twyla Pruitt


Harrow Mills, Ohio
14 Oktoba

Dada Twyla,

Karatasi ya mwezi huu imenipeleka kwa bwana mmoja wa Nebraska mwenye kijiwe cha figo, naye nimemwandikia. Hakujibu. Nawe hukunikataza kuandika, kwa hiyo ninaendelea.

Nina miaka sitini na minne. Mwezi Aprili nitatimiza sitini na mitano, na hapo serikali itanipa kadi yake ya matibabu ya wazee. Sidhani kama kuna nchi nyingine ambako watu wazima wanaomba usiku na mchana wazeeke upesi. Rafiki yangu alipotimiza sitini na mitano tulimwandalia keki, akalia machozi, akaenda kubadilishwa goti wiki hiyohiyo. Goti lilikuwa limemsubiri miaka sita.

Unauliza kwa nini sasa naandika kwa penseli. Ni kwa sababu ninaandika nimelala. Ngazi za kanisa letu zimekuwa kali siku hizi. Nilizihesabu Jumapili iliyopita nikidhani wameongeza. Ni zilezile kumi na moja. Nimehitimisha kwamba ni vumbi la mavuno ya soya, ambalo huingia kifuani na kumfanya mtu atwete.

Lowell Amstutz


Cutler Bend, Arkansas
25 Oktoba

Mwalimu,

Sikukuuliza kwa nini unaandika kwa penseli. Soma tena barua yangu. Umejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, na hapo ndipo nimejua kuna jambo.

Vumbi gani hilo linalomngojea mtu kwenye ngazi za kanisa? Nimeosha mbwa miaka ishirini. Mbwa mzee akianza kukaa katikati ya ngazi, simwambii mwenyewe kwamba ni vumbi. Nenda kwa daktari.

Na siku yako ya kuzaliwa ni tarehe ngapi Aprili? Nataka kukutumia keki. Keki yangu inavumilia posta.

Twyla


Harrow Mills, Ohio
11 Novemba

Dada Twyla,

Kwa daktari nitakwenda baada ya Krismasi, kwani sasa yeye ana shughuli nyingi na mimi nina kuni za kupasua. Keki ya kusafiri mbali yafaa iwe na zabibu kavu na isiwe na krimu. Sukari nyingi huzuia ukungu kwa sababu hunyonya maji. Tarehe haina umuhimu wowote kisayansi.

Lowell


Cutler Bend, Arkansas
20 Novemba

Mwalimu,

Mtu anayeficha tarehe yake ya kuzaliwa ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa au mwizi. Wewe ni yupi?

Kuni ziache.

Twyla


Harrow Mills, Ohio
22 Januari

Dada Twyla,

Nilikwenda tarehe tano. Ni moyo. Kuna vali, yaani mlango mdogo unaofunguka kupitisha damu na kufunga isirudi, na wangu umekakamaa kama mlango wa banda uliokosa mafuta. Nimekuchorea. Mshale mwekundu ni damu inayojaribu kupita, na mshale mwingine mwekundu ni damu iliyokata tamaa. Unatakiwa uwekwe mlango mpya.

Sasa nikueleze kosa langu, maana ni kosa ambalo kwa wanafunzi wangu ningelikatia maksi.

Daktari aliniuliza swali fupi: "Umeanza kuhisi hivi lini?" Mwanamume mwenye akili angesema, "Mavuno yaliyopita." Mimi nikaona hapo pana nafasi ya kuwa sahihi. Nikamweleza kwamba mwaka 2016, nikimsaidia shemeji yangu kubeba mtumbwi kutoka ziwani, nilisimama kidogo kuvuta pumzi. Nikaeleza uzito wa mtumbwi, mwinuko wa ukingo, na joto la siku ile. Yeye akawa anaandika tu. Nilifurahi, nikadhani nimepata mwanafunzi. Alichoandika ni hiki: "Dalili tangu 2016."

Udugu nilijiunga 2023. Kanuni yao ni kwamba ugonjwa uliomtangulia mtu mlangoni, hawaubebi. Barua yao ilikuwa ya sentensi tatu. Ya tatu ilisema wananiombea.

Niliwajibu siku hiyohiyo kwa faksi ya kurasa kumi na moja. Wakanirudishia barua ileile, safari hii imegongwa muhuri. Nikataka kununua bima ya kawaida, maana hiyo kwa sheria haiwezi kumkataa mgonjwa. Dirisha la kuinunua kwa mwaka huu lilifungwa tarehe kumi na tano Januari. Barua ya Udugu ilinifikia tarehe kumi na saba.

Hospitali imenipa makadirio. Ni bei ya nyumba yangu pamoja na banda, bila kuhesabu yule mtu wako wa usingizi.

Kwa hiyo nimeamua kungoja kadi ya serikali, inayoanza Aprili mosi. Daktari amesema nisivuke katikati ya Machi. Tofauti ni wiki mbili na nusu. Nimekwisha kuishi wiki elfu tatu na mia tatu na zaidi. Nitashindwaje na mbili na nusu?

Lowell


Cutler Bend, Arkansas
29 Januari

Mwalimu Amstutz,

Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikamsomea mbwa wa Bi. Tackett kwa sauti kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumpigia kelele.

Mtumbwi! Daktari anakuuliza siku, wewe unampa jiografia ya ziwa! Kama mdomo wako ungekuwa mbwa ningeufunga kamba.

Nisikilize. Hizo si wiki mbili na nusu za kungoja basi. Ray naye alisema atangoja. Alikuwa angoje mpaka bima ya kazini ianze, siku tisini tangu kuajiriwa. Alifika siku ya themanini na moja. Sijawahi kukuandikia hilo na sitaliandika tena.

Usipasue kuni. Usisukume theluji. Theluji ikifika dirishani, uiangalie tu, wewe si mtu wa sayansi? Iangalie ikiyeyuka.

Na nakuuliza mara ya tatu: tarehe ngapi?

Twyla


Harrow Mills, Ohio
5 Februari

Dada Twyla,

Pole sana kwa Ray. Nimekaa muda mrefu na aya ile, na sikupata cha kuchora.

Hapa kuna mambo ya ajabu. Juzi theluji ilianguka hadi magotini. Nilikuwa natafuta glavu zangu, ili nikaitazame tu, nikasikia trekta uani. Mwanamume mmoja anasukuma theluji yangu. Nikafungua dirisha.

"Wewe ni nani?"

"Napita tu, Mwalimu."

"Unapita kwenda wapi? Barabara inaishia hapa."

"Basi nimefika."

Alikuwa Merle Hostetler, niliyemfundisha miaka thelathini iliyopita, mvulana aliyewahi kunichomea pazia la maabara. Anaishi mbali, maili kumi na mbili. Akapasua na kuni, akazipanga vibaya, nikamweleza hewa inavyopaswa kupita katikati ya magogo, akazipanga upya bila kununa. Jana wakaja akina mama wawili nisiowajua kabisa, na bakuli la tambi za kuoka zenye jibini juu. Nao wanapita tu. Leo kuna mzee ameleta supu, amekaa saa mbili akinitazama ninavyopumua.

Nimeanza kuhofu kwamba gazeti limetangaza kifo changu kwa makosa.

Siku ya Jumanne nililala bandani dakika chache bila kupanga kulala. Nakuambia kwa sababu nimeahidi kwenye maombi kwamba sitasema vumbi tena.

Lowell


Cutler Bend, Arkansas
11 Februari

Mwalimu,

Wewe ulifikiri kadi thelathini na moja nilizitupa? Kila moja ina anwani ya mtu nyuma ya bahasha. Nilimwaga zote mezani, nikatenga za Ohio. Ukiacha yako, zilikuwa nne. Nikawaandikia: "Mlinibeba mimi kifundo. Kuna mwalimu huko kwenu ambaye Udugu umesema hawezi kubebwa. Sitaki hundi. Nataka mtu mwenye trekta." Niliandika sentensi nne, na mimi nimevunja kanuni.

Merle amenijibu. Anasema pazia lilikuwa bahati mbaya. Anasema pia kwamba kila mwaka, siku yako ya kuzaliwa, darasa lilikuwekea chura kwenye droo, na kwamba shule nzima ilijua kwa nini. Kwa sababu wewe, Lowell Amstutz, ulizaliwa tarehe mosi Aprili, siku ya wajinga.

Mwanamume mzima! Hicho ndicho ulichokuwa unanificha?

Sasa kaa. Umekaa? Kaka yangu Clyde alizaliwa tarehe mosi Agosti. Kadi yake ya serikali iliandikwa inaanza Julai. Clyde mwaminifu sana na mjinga kiasi, akataka kuirudisha, akisema wamekosea watamfunga. Wakamwambia hapana. Mtu aliyezaliwa tarehe mosi ya mwezi wowote, kadi yake inatangulia mwezi mmoja.

Sikutaka kuamini kumbukumbu yangu, nikapiga simu ofisini kwao. Dakika hamsini za muziki wa filimbi, huku namnyoa mbwa wa manyoya ya mafundo. Alipopokea mtu, mbwa alikuwa ana upande mmoja tu. Yule dada wa simu amesema: kisheria mtu anatimiza miaka yake siku iliyotangulia siku ya kuzaliwa. Kwa serikali wewe unatimiza sitini na mitano tarehe thelathini na moja Machi. Kwa hiyo kadi inaanza Machi mosi. Machi, Mwalimu, si Aprili. Ila ombi lifike kabla Februari haijaisha.

Ungenitajia tarehe Oktoba nilipokuuliza, ungekuwa umeshalituma.

Litume LEO.

Twyla


Harrow Mills, Ohio
17 Februari

Dada Twyla,

Nitasema ukweli: niliposoma barua yako nilicheka kwa uchungu. Kwa miaka thelathini na minne nimeletewa chura, chaki ya sabuni, kiti cha miguu mitatu, na mwaka mmoja barua ya gavana ya kunipa nishani, ambayo niliijibu. Nikasema, hata Arkansas wamenifikia.

Kisha nikachukua kijitabu cha serikali, ambacho nilijidai nimekisoma chote. Ukurasa wa kumi na nne, chini, kwa maandishi madogo, kanuni ipo. Tena karibu yake kuna wino wangu mwekundu. Nilikuwa nimesahihisha mkato uliokosewa katika sentensi hiyohiyo. Niliona mkato, sikuona maisha yangu.

Na kanuni yenyewe ina mantiki nzuri. Mtoto akizaliwa, siku ile ya kwanza tayari ni siku moja kamili ya umri wake. Hivyo mwaka wake unajaa mwisho wa siku inayotangulia, na siku ya kuzaliwa inafungua mwaka mpya. Sisi sote tunasherehekea tukiwa tumeshachelewa. Nimeishi miaka karibu sitini na mitano nikiionea aibu tarehe ambayo, kwa hesabu ya serikali, sijawahi kutimizia umri hata mara moja.

Merle alinipeleka ofisini asubuhi ileile. Karani aliniuliza tarehe ya kuzaliwa. Nikasema, "Mosi Aprili." Akatabasamu. Nikamwacha atabasamu.

Ombi limepokewa. Upasuaji ni tarehe kumi Machi. Daktari amenieleza hatua zote, na nilipotaka kumsahihisha, Merle akanikanyaga mguu.

Kadi nayo ina matundu yake, kuna sehemu itabaki yangu. Hiyo naiweza bila kuuza banda.

Naogopa, Dada Twyla. Hilo halina maelezo.

Lowell


Cutler Bend, Arkansas
3 Machi

Mwalimu wangu,

Woga ni wa kila mtu. Hata Duchess aliniogopa mimi, na alikuwa na uzito wa kunizidi. Wiki iliyopita amerudi. Nimemwosha bila mashine, kwa taulo, nikimwimbia, na hakunikalia.

Sikiliza masharti. Ukifika pale, wakikuuliza jina, taja jina. Wakikuuliza umekula nini, sema hujala. Ukisikia neno "mtumbwi" linapanda kooni, limeze. Merle nimemwagiza akae karibu na mguu wako.

Na yule wa usingizi, mtazame vizuri usoni akiingia. Mwulize yuko upande wa nani kabla hajakudunga. Akisema yuko kwenye kadi, lala.

Mimi nimetupa mkongojo. Skrubu saba zinatabiri mvua kuliko redio. Yule bwana wangu wa usingizi tumekubaliana nimalize deni lake kidogo kidogo. Nimemwoshea na mbwa wake, kumbe ni mtu mzuri akiwa macho.

Sasa nina swali moja. Huku kwetu matikiti huiva Julai, makubwa ya kubebwa na watu wawili, nami mguu wangu mmoja hauamini uzito. Clyde hafai, anayaangusha. Baraza yangu ina kivuli na viti viwili, kimoja kimekaa tupu miaka mingi. Utakuja?

Ila naweka dau. Udugu unaruhusu sentensi tatu za faraja, nawe tangu nikujue hujawahi kuzitimiza hata siku moja. Ukiamka, niandikie sentensi tatu. Ikiwa nne, tikiti utalitazama tu, kama theluji.

Amka, Lowell.

Twyla


Hospitalini
14 Machi

Twyla,

Nimeamka. Mlango mpya unafunga bila kelele. Ndiyo.

Lowell